Chai Yetu kwa Gunia, Yao kwa Kikombe

Jumamosi moja ya karibuni tulialikana marafiki watatu, watoto wa Mji wa Kale tuliosoma chuo kimoja, tukutane Nyali katika mkahawa mpya wenye mapishi ya Kijapani na ya Kikorea. Saa tuliyopangiana ilikuwa saa tano ya asubuhi. Niliuliza, je, hiyo ni staftahi iliyochelewa au ni chakula cha mchana kilichofanya haraka? Nikaambiwa ni vyote viwili, na kwamba vijana wa mjini siku hizi hukiita branchi.

Tulipoketi, mwenzetu aliye mwalimu alifanya lile ambalo kila Mwislamu wa pwani hulifanya awapo ugenini. Alimwuliza mhudumu: "Mwanangu, kuku huyu amechinjwa na nani? Na mchuzi huu umetiwa nini?" Swali hilo halikuwa la ukorofi. Wajapani wana mvinyo mtamu wa mchele uitwao mirin, nao hutiwa katika michuzi yao mingi ya nyama na samaki. Kijana aliingia jikoni akarudi na mpishi mwenyewe, ambaye alitueleza kwamba mahali pa mvinyo yeye hutia sukari na siki, na kwamba kuku wake huchinjwa na Waislamu. Tukashukuru, tukasema Bismillahi.

Chakula kilikuwa kizuri, wala sitaki kukitia ila. Pwani yetu haijapata kuogopa sahani ya mgeni. Sambusa, chapati, biriani na achari zilitujia na bahari kutoka upande wa Bara Hindi, zikapita mikononi mwa bibi zetu, na leo ukimwambia mtu wa Mombasa kwamba biriani si yake mtagombana. Lililonishughulisha mimi halikuwa sahani. Lilikuwa kikombe.

Kila mmoja wetu aliletewa macha, yaani chai ya kijani ya Kijapani iliyosagwa ikawa unga, ikapigwa na maziwa hata ikafanya povu. Kikombe kimoja shilingi 550. Mwenzetu wa tatu, ambaye ni karani katika ghala la chai huko Shimanzi, alikiangalia kikombe chake kwa muda, kisha akasema: "Sheikh, kwa bei ya kikombe hiki mimi nakupatia kilo nzima ya chai ya Kenya mnadani, na chenji nakurudishia."

Tulicheka, lakini hakuwa akifanya mzaha. Mnada wa chai ulianzishwa Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa hapa Mombasa mwaka 1969, na leo ni mmojawapo wa minada mikubwa kabisa duniani. Chai ya Uganda, Rwanda na Burundi huletwa hapa pia. Kenya ndiyo inayouza nje chai nyeusi nyingi kuliko nchi yoyote. Mwaka 2021 iliwekwa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo, ambazo ni kama shilingi 315 za leo, ili mkulima mdogo apate ahueni. Wanunuzi wakasita, magunia yakajaa maghalani, na mwaka 2024 bei hiyo ikaondolewa. Mwaka 2025 wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa walilalamika kwa sauti kubwa kuhusu bonasi zao kupungua.

Je, Mjapani ametushinda kwa lipi? Mmea ni ule ule. Lakini yeye huufunika kwa kivuli wiki tatu au zaidi kabla ya kuchuma, huyapitisha majani katika mvuke, huyakausha, huondoa mishipa, kisha huyasaga kwa jiwe linalotoa kama gramu 40 tu kwa saa moja. Kazi hiyo yote huifanya kwao, na jina hubaki lake. Mwaka 2024 watu waliitaka macha hata maduka mashuhuri ya Kyoto yakawawekea wateja kipimo cha kununua. Chai yetu, kinyume chake, sehemu yake kubwa huondoka bandarini katika magunia, ikaenda kuchanganywa na nyingine Pakistani, Misri au Uingereza, na huko ndiko inakobatizwa jina jipya.

Na tusiseme kwamba hatuna cha kujivunia. Mwaka 2011 watafiti wa hapa Kenya waliwatolea wakulima aina ya chai yenye majani ya zambarau. Ni Wakenya wangapi walioionja? Humo mkahawani haikuwamo. Na hata chai ya rangi yenye iliki na tangawizi, inayonywewa kila nyumba ya Mji wa Kale, haikuandikwa katika orodha yao.

Mwalimu alipoiomba, mhudumu alijitahidi. Alileta kikombe cha maji ya moto na kifuko cha chai chenye nembo ya nchi ya Ulaya. Karani alikigeuza kifuko, akakinusa, akatabasamu: "Huyu huenda nilimsafirisha mimi mwenyewe. Leo amerudi na paspoti."

Wasomaji wangu, sisi tumelelewa kuuliza chakula kimetoka wapi. Twauliza kisu kilishikwa na nani, twauliza mchuzi una nini, na hatuoni haya kumwita mpishi kutoka jikoni. Hilo ni jambo jema. Basi kwa nini twaishia kwenye sahani? Kikombe nacho kina mkono uliochuma, na ujira wa kibarua ni jambo tulilofunzwa kulichunga tangu chuoni. Mwenye mkahawa akiulizwa mara moja, "Mna chai ya hapa?", atajibu hana. Akiulizwa mara hamsini, ataitafuta, na mwenye kiwanda naye ataona faida ya kuipakia hapa hapa kwa jina letu.

Tulilipa, tukaagana. Mwezi ujao ni zamu yangu kuwaalika. Nimewaambia saa ni ile ile, saa tano, lakini barazani kwangu: mahamri, mbaazi za nazi, na birika la chai ya rangi. Karani ameahidi kuja na majani.