Akaunti ya Umma si Albamu ya Mheshimiwa



Naomba nianze na kisima cha maji.

Mwezi wa pili mwaka huu, halmashauri ya kwetu (jina silitaji, mama yangu bado ana meza ya nyanya kwenye soko lao) iliposti Instagram picha saba za uzinduzi wa kisima. Picha ya kwanza mheshimiwa anafungua koki. Ya pili mheshimiwa anakunywa. Ya tatu mheshimiwa anamtwisha ndoo mama mmoja, na huyo mama namjua, ni jirani yetu. Chini wakaandika kwamba wananchi wameondokana na adha ya maji. Maji yale yalitoka siku nne.

Nikakomenti kwa adabu kabisa: "Hongereni kwa kazi. Maji yamekatika tangu Jumanne. Je, pampu imeharibika? Yatarudi lini?" Sikutukana mtu wala sikutaja chama. Ndani ya saa moja watu zaidi ya thelathini walikuwa wameilaiki, na wengine wakaanza kuuliza ya kwao. Jioni komenti haipo. Kesho yake asubuhi na mimi sipo, nimepigwa bloku.

Siku ya tatu mama akanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe mtoto, umeandika nini huko mtandaoni?"

Kumbe kuna mtu wa ofisi alipita mezani kwake. Alinunua nyanya za elfu moja, akamwambia kwa upole kwamba amesikia binti yake anasoma sheria, ni vizuri azingatie masomo, na kwamba meza za soko zitakuja kupangwa upya. Basi, akabeba nyanya zake akaondoka. Mama akanieleza yote, kisha akauliza: "Lakini walikujibu? Maji yanarudi lini?"

Sikuwa na jibu. Ofisi iliweza kunitafuta mimi, ikamtafuta mama yangu, ikaijua na meza yake, yote ndani ya siku tatu. Kumtafuta fundi wa pampu ndiko kulikoshindikana.

Sasa tuzungumze kuhusu hiki kinachoitwa uhusiano wa umma.

Neno lenyewe ni uhusiano, na uhusiano unahitaji pande mbili. Anayeongea peke yake mbele ya watu waliozibwa midomo hana uhusiano nao, huyo anatangaza tu, kama gari la promosheni linalopita mtaani na spika juu. Leo karibu kila wizara, mkoa na halmashauri ina kitengo cha mawasiliano, afisa habari, kamera nzuri na kurasa kwenye mitandao yote. Mimi silaumu hilo. Serikali inatakiwa iwe mahali wananchi walipo, na wananchi wapo kwenye simu. Ninacholaumu ni kwamba wamechukua mdomo wa mitandao wakaliacha sikio.

Tukumbuke hivi vyombo vilianzaje kwetu. Moja ya blogu za mwanzo kabisa za Kiswahili, ya Ndesanjo Macha, iliitwa Jikomboe. Mtu wa kawaida anaandika bila kusubiri mhariri, mwingine wa kawaida anamjibu. Hapo ndipo utamu wa blogu ulipokuwa. Kilichofuata mnakijua. Mwaka 2018 zikaja Kanuni za Maudhui Mtandaoni, na kijana aliyetaka kuendesha blogu kihalali akaambiwa alipe kiasi cha shilingi milioni 2.1 kwa mwaka wa kwanza: laki moja ya maombi, milioni ya leseni, milioni ya ada ya mwaka. Kanuni zimekuja kubadilishwa baadaye, lakini fikiria wangapi walifunga duka. Oktoba 2023 tukaambiwa tena tusajili VPN. Yaani mlango wa mwananchi kusema unazidi kuwekewa kufuli, na mlango wa ofisi kujisifu unapakwa rangi kila wiki kwa kodi ya huyo huyo mwananchi.

Watasema hizo ni siasa. Haya, twende kwenye sheria, ndiko ninakosomea.

Ibara ya 8 ya Katiba yetu inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na Serikali itawajibika kwao. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyatoa, haki ya kutafuta na kupokea habari, na haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake. Kama maji si jambo muhimu kwa maisha, nielezwe ni lipi. Kisha ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inampa raia haki ya kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma na kuitaka ofisi ijibu ndani ya siku zisizozidi 30.

Nikasema niijaribu hiyo sheria, isije ikawa nasomea hadithi. Nikaandika barua, maswali matatu: mradi uligharimu kiasi gani, mkandarasi alikabidhi lini, pampu inatengenezwa lini. Mama akaipeleka mwenyewe masijala, nakala yake ikagongwa muhuri. Siku 30 zikaisha kimya. Siku ya 31 nilitumia simu ya rafiki yangu kuangalia ukurasa wao. Siku hiyo walikuwa wameposti mara tatu.

Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba ofisi hazina muda au watumishi ni wachache. Muda wa kuhariri video na kuiwekea muziki upo. Unaokosekana ni wa kujibu aya moja yenye maswali matatu.

Na kuna jambo jingine linanikera kama mwanafunzi wa sheria. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamtia hatiani mtu anayechapisha mtandaoni taarifa anayojua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha. Adhabu yake ni faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Kifungu hicho tumezoea kukisikia kikitajwa kwa wananchi na wanaharakati. Sasa ofisi inapoacha mtandaoni miezi minne picha inayosema adha ya maji imekwisha, huku wanajua koki ni kavu, hiyo tuiite nini? Sisemi afisa habari afungwe. Nasema kipimo cha ukweli kiwe kimoja.

Halafu kuna machawa. Chawa hana kitambulisho cha utumishi, lakini kila mheshimiwa akiposti yeye ni wa kwanza kufika: "Mitano tena", "Jembe letu", moto, makofi, bendera. Ukiuliza swali wanakushukia kumi kwa mpigo: umetumwa, una njaa, mabeberu wamekulipa. Kazi yao ni kulifukia swali lako mpaka lisionekane. Wengine huenda wanafanya kwa mapenzi, sina ugomvi nao. Ila mtandao ukishageuzwa soko la sifa, wenye fedha ndio watakaonunua, na mwisho wake tumeuona kwa jirani. Kule Afrika Kusini familia ya Gupta ilikodi kampuni ya uhusiano wa umma ya London iitwayo Bell Pottinger. Kampeni yake ikachochea chuki za rangi ili watu waache kuuliza juu ya Guptas na Rais Zuma, na akaunti feki za Twitter zikawa zinaisambaza. Septemba 2017 kampuni ikafukuzwa kwenye chama cha wenye taaluma hiyo Uingereza, na mwezi huo huo ikaanguka. Kampuni kubwa kama ile iliuawa na kazi yake yenyewe.

Hapa kwetu, Desemba 2021, Twitter yenyewe ilitangaza kuondoa akaunti 268 zilizokuwa zikitumika kupeleka malalamiko ya hila dhidi ya wanachama na wafuasi wa FichuaTanzania na mwanzilishi wake. Tangazo hilo lilihusu operesheni zenye uhusiano na dola katika nchi kadhaa. Huo nao mtauita uhusiano wa umma?

Najua jibu la maafisa habari, wengine ni kaka na dada zetu, tumesoma nao. Watasema: "Komenti zimejaa matusi, ndiyo maana tunafunga." Ni kweli matusi yapo, tena ya nguoni. Basi futa tusi, jibu swali. Mtu akitukana dirishani kwenye ofisi ya ardhi unamtoa huyo, huwafungii nje waliopanga foleni tangu alfajiri. Swali langu halikuwa na tusi, mbona lilifutwa?

Wenzetu Marekani wamelifikisha hili mahakama ya juu kabisa. Machi 2024, katika kesi ya Lindke dhidi ya Freed, ya meneja wa mji wa Port Huron aliyefuta komenti za mwananchi na kumpiga bloku Facebook, majaji wote walikubaliana juu ya kipimo: kama ofisa alikuwa na mamlaka halisi ya kusema kwa niaba ya serikali, na katika posti hizo alikuwa anatumia mamlaka hayo, basi kufuta na kubloku kunahesabika kuwa kitendo cha serikali. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu. Lakini kesi ile ilikuwa ngumu kwa sababu ukurasa ulikuwa wa mtu binafsi uliochanganya familia na kazi. Ukurasa wa halmashauri yangu hauna utata huo. Una nembo ya Taifa na unaendeshwa na mtumishi anayelipwa mshahara wa umma. Lile ni dirisha la ofisi, na anayelifunga usoni kwangu amenifungia ofisi.

Sasa tujiseme na sisi, maana nyani haoni kundule.

Kurasa za chama chetu zikoje? Picha za umati, picha za droni, mwenyekiti akipunga mkono, mwenyekiti akishuka kwenye gari. Juzi juzi kada mmoja aliuliza chini ya posti yetu michango ya kanda yake imetumikaje. Badala ya jibu akaitwa pandikizi, na waliomwita ni vijana wenzangu, wengine wako kwenye magrupu yangu ya WhatsApp. Ule ni uchawa wenye fulana ya rangi nyingine. Kama hatuwezi kuvumilia swali la kada wetu leo tukiwa hatuna hata ofisi ya kata, tukipewa halmashauri tutafanya nini? Tutabadilisha mheshimiwa anayefungua koki, picha itabaki ile ile.

Kwa hiyo nadai mambo manne, na nayadai kwa halmashauri zote na kwa chama chetu pia.

Moja, swali la mwananchi lisifutwe. Tusi lifutwe, na masharti ya kufuta yaandikwe juu ya ukurasa kila mtu ayasome.

Mbili, kila swali kuhusu huduma lijibiwe, hata kama jibu ni "bado hatujui, tutawaambia Ijumaa", na Ijumaa ikifika waseme.

Tatu, posti ya mradi iwe na gharama, jina la mkandarasi na tarehe ya kukabidhi. Sura ya mheshimiwa tunaifahamu tayari.

Nne, gharama za matangazo na za hao wanaolipwa kusifia ziwekwe wazi kama matumizi mengine ya umma.

Wenyeviti wa mitaa na vijiji tunawachagua sisi. Watakuja na picha nzuri, nawahakikishia. Ninyi mkiona posti ya mradi kwenu, nendeni mkafungue koki. Ikiwa kavu, ulizeni pale pale kwa adabu, mpige picha swali lenu kabla halijafutwa, kisha andikeni barua na mdai muhuri masijala. Wakituzuia mmoja mmoja ni rahisi. Mtaa mzima hawawezi kuupiga bloku.

Meza ya mama bado ipo, na kila akinipigia swali lake ni lile lile: maji yanarudi lini?

Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sheria na mwanachama wa jumuiya ya vijana.