Ardhi ya Wananchi, Sahihi ya Nani?



Kila mkataba wa kukodisha ardhi husimama juu ya nguzo nne: mwenye mali, mpangaji, muda na kodi. Mwanafunzi wa sheria hufundishwa hayo mapema, na hata mzee anayekodisha shamba la mahindi kwa msimu mmoja huyajua bila kufundishwa. Katika vilima vya Kericho na Bomet majani chai yamechumwa kwa takriban karne nzima chini ya mikataba ambayo wenyeji hawakuulizwa juu ya nguzo hata moja kati ya hizo. Na leo, mafuta yakiwa yamegunduliwa Turkana na madini yakitafutwa katika kaunti nyingi, swali letu la zamani limekuwa swali la Kenya nzima: ardhi inapokodishwa kwa jina la wananchi, ni nani atiaye sahihi, na hutoa hesabu kwa nani?

Tuanze na historia. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1915 ilimwezesha Gavana kukodisha ardhi ya kilimo kwa walowezi kwa muda wa miaka 999. Katika miaka ya 1920 makampuni makubwa ya chai, Brooke Bond na James Finlay, yalijikita hapa. Mwaka 1934 ilitungwa sheria mahususi ya kuwahamisha Walaiboni, na jamaa za Talai zikapelekwa Gwassi, mbali na makaburi ya wazee wao. Msomaji wa Biblia na akumbuke Mambo ya Walawi sura ya 25. Humo ardhi huuzwa kwa hesabu ya mavuno yaliyosalia hadi mwaka wa hamsini, kisha hurudi kwa jamaa yake. Miaka 999 ni karibu yubile ishirini. Muda wa namna hiyo ni unyang'anyi uliovishwa joho la upangaji.

Kisa cha Kakamega kinatufundisha zaidi. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji. Iliahidi kwamba ardhi zilizotengewa Waafrika zingekuwa zao daima, na kwamba kipande kikichukuliwa kwa haja ya umma, kingefidiwa kwa kipande kingine. Mwaka 1931 dhahabu ikagunduliwa Kakamega. Kabla ya mwaka 1932 kwisha, sheria ilikuwa imekwisha kurekebishwa ili ardhi yenye dhahabu iweze kuchukuliwa bila kutoa ardhi badala yake. Amana iliheshimiwa mradi tu chini yake hapakuwa na kitu cha thamani.

Wapo miongoni mwetu wanaosema dawa ni kuiga Marekani. Katika jimbo la Texas, mwenye shamba kwa kawaida ndiye mwenye mafuta yaliyo chini yake, isipokuwa haki hiyo imekwisha kuuzwa kando. Wakala wa kampuni humwendea nyumbani. Hupatana juu ya malipo ya kutia sahihi, juu ya fungu la mapato, ambalo kwa desturi ya miaka mingi lilikuwa sehemu moja kwa nane, na juu ya muda. Muda ukipita bila kisima kuchimbwa, mkataba hufa wenyewe. Ni kweli kwamba mkulima huyo ana heshima ambayo mkulima wetu hajawahi kuionja: huulizwa kwanza.

Hata hivyo, siungi mkono kuiga utaratibu huo mzimamzima. Fikirini: kama utajiri wa chini ya ardhi ungemfuata mwenye hati, hapa Kericho ungemfuata nani? Ungekwenda kwa aliyeshika maelfu ya ekari kwa hati ya ukoloni, wala si kwa mjukuu wa aliyefukuzwa. Katiba ya mwaka 2010 ilichagua njia nyingine, nami naamini ilichagua vyema. Kifungu cha 62 kinasema madini yote na mafuta ni ardhi ya umma, na serikali ya kitaifa huyashika kwa niaba ya wananchi kama amana. Lakini amana ina sharti lake. Mshika amana huweka daftari, na mwenye mali akiliomba, hufunguliwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tazameni yaliyotokea Turkana. Mafuta yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia 1 mwezi Machi 2012. Miaka ikapita katika mabishano juu ya fungu la wenyeji. Mswada ulitaja asilimia 10 kwa jamii. Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 ikaandika asilimia 5 ya fungu la serikali ya kitaifa, na asilimia 20 kwa kaunti. Mwaka 2018 wananchi walifunga barabara na malori ya mafuta yakasimama. Wengine waliwaita wakorofi. Mimi nasema walikuwa wapangishaji waliochoka kusubiri kuulizwa. Kisha mwaka 2025 kampuni ya Tullow iliuza mali yake ya mafuta nchini Kenya kwa Gulf Energy kwa bei isiyopungua dola milioni 120. Mpangaji amebadilika, naye mchungaji wa Lokichar amezisikia habari hizo redioni.

Je, sisi wa nchi ya chai tumetofautiana nao kwa lipi? Kifungu cha 65 cha Katiba kinamzuia asiye raia kushika ardhi kwa zaidi ya miaka 99, na kampuni huhesabiwa kuwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Kwa hiyo, tarehe 27 Agosti 2010, miaka 999 ya wageni iligeuzwa kuwa 99. Huo ulikuwa ushindi wa Wakenya waliopigania mageuzi kwa jasho na damu. Lakini 99 kutoka 2010 ni 2109. Hakuna asomaye ukurasa huu leo atakayeiona siku hiyo.

Wakati huohuo mashamba hubadilishana mikono. Unilever iliuza biashara yake ya chai kwa CVC Capital Partners mwaka 2022. Mwaka 2023 ikatangazwa kwamba mashamba ya James Finlay yangekwenda kwa Browns Investments ya Sri Lanka, na mwaka 2024 kampuni hiyohiyo ikatajwa kuwa mnunuzi wa mashamba ya Lipton. Tuuelewe ufundi wa jambo hili. Kampuni mama ikiuzwa ng'ambo, jina la mpangaji katika hati yetu laweza kubaki lilelile, ingawa anayelila tunda ni mwingine. Bei hupatanwa London au Colombo, na mchuma chai wa Kericho husikia habari akiwa na kikapu mgongoni.

Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilichunguza malalamiko yetu na mwaka 2019 ikachapisha uamuzi katika Gazeti Rasmi uliowapa haki walalamishi. Makampuni yakaenda mahakamani kuupinga, kama sheria inavyowaruhusu. Mwaka 2022 wawakilishi wa Wakipsigis na Watalai wakaipeleka Uingereza mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Njia ya mahakama ni ndefu, lakini ni njia ya watu huru.

Hapa sina budi kutoa onyo. Oktoba 1991, madai ya vyama vingi yalipopamba moto, wakuu wa siku zile waliligeuza swali la ardhi kuwa panga dhidi ya jirani. Moto ulianzia shamba la Meteitei huko Nandi, ukaenea hadi Kericho. Maskini waliwachomea maskini wenzao nyumba, na hakuna hata ekari moja ya chai ya makampuni iliyorudi kwa mwenyewe. Yeyote atakayekuja kuwaambia kwamba mwizi wa ardhi yenu ni mfanyakazi aliyetoka kaunti nyingine, mfungieni mlango wa kanisa. Swali letu liko kwenye hati, na hati haichomwi kwa kiberiti.

Tufanye nini basi?

Kwanza, tuliombe daftari. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 humpa kila raia haki ya kuuliza, na ofisi yapaswa kujibu katika siku 21. Kila kamati ya haki na amani parokiani iandike barua moja: ekari ngapi, kodi kiasi gani, hulipwa kwa nani, mwisho lini. Ikinyimwa jibu, ipeleke malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Pili, tudai kwamba hakuna mkataba utakaoongezwa muda, wala mashamba kuuzwa, pasipo kikao cha hadhara katika wadi zinazohusika. Kuhusu mafuta na madini, Kifungu cha 71 kinataka Bunge liidhinishe mikataba ya kuvuna maliasili. Tumwulize kila mbunge wetu kama anaisoma kabla ya kuinua mkono.

Tatu, fungu la jamii liandikwe katika sheria, lisitolewe kama sadaka. Shule iliyojengwa kwa hisani ya kampuni ni jambo jema, lakini kodi ni haki, na mpangaji halipi kodi kwa kugawa peremende.

Ndugu zangu, tuliikataa serikali ya chama kimoja kwa sababu ilijitwalia mamlaka ya kutusemea bila kutuuliza. Mkataba wa ardhi uliotiwa sahihi gizani ni serikali ya chama kimoja iliyosalia kwenye karatasi. Barua ziandikwe, nakala zihifadhiwe, na majibu yasomwe kwa sauti baada ya ibada.