Picha za Léopards katika sanduku la mzee

Wamama, mbele ya kuchoma makaratasi ya mzee aliyefariki, fungueni kila bahasha. Mwaka 1974 Léopards wa Zaire walicheza Kombe la Dunia kule Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza toka Afrika kusini ya Sahara, na kampuni Panini ya Italia ilichapa picha ndogo za kubandika za wachezaji. Yugoslavia ilitufunga 9-0, ndiyo, lakini zile ni sura za kaka zetu.

Isiyobandikwa ndiyo inatafutwa zaidi. Iliyobandikwa, musiibandue. Mnunuzi mwenye haraka arudi kesho. Kwanza ulizeni watoto wote wa mzee. Majina andikeni juu ya bahasha, si nyuma ya picha, wakati bibi angali anawatambua.