Sauti ya Nyanya ni Amana



Utendi alioutunga Mwana Kupona binti Msham mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake umetufikia kwa maandishi. Mahadhi ya kuusoma, hata hivyo, huondoka na wenye kuyajua. Hapa Shanzu wamo nyanya wangali nayo. Basi tuwarekodi wangali hai.

Kompyuta iliyomo nyumbani yatosha. Fedha iende kwanza kwenye maikrofoni ya USB. Tunapendelea aina ya dainamiki, kwani hunasa zaidi sauti iliyo karibu. Ile ya kondensa ni nyepesi mno, huchukua hata feni na honi za matatu. Iwekwe shibiri moja kutoka kinywani, kando kidogo, pumzi isiipige.

Programu ya Audacity ni ya bure, na yatosha. Rekodini kwa mono, kisha hifadhini kwa WAV: dakika moja huchukua takriban MB 5. MP3 hupunguza sauti ili faili iwe ndogo, nayo iliyopunguzwa hairudi. Nakala ziwe mbili, mahali pawili.

Chumba bora ni cha kulala, kwani godoro na mapazia humeza mwangwi. Zimeni feni, na nyanya apewe maji.

La mwisho ndilo la kwanza: mwombeni idhini, na mumuulize nani aisikie sauti yake. Akisema ni ya wajukuu tu, isitumwe kwenye simu za watu. Amana hurejeshwa kama ilivyopokewa.