Pindo la chuma si hasara tupu

WANAOTAKA kuanzisha karakana za kufua mashoka, nyundo na sururu kwa kalibu hulalamikia jambo moja: chuma hununuliwa kwa kilo, na kabla zana haijafika sokoni sehemu ya kilo hizo imekatwa na kutupwa pembeni. Mtaji ukiwa mdogo, wazo la kwanza ni kukata kipande chenye uzito uleule wa shoka ili pasibaki kitu. Hesabu hiyo inavutia, lakini ni ya mtu ambaye hajawahi kufyatua tofali.

Mfyatuaji hujaza udongo hadi upite mdomo wa kalibu, kisha ziada huikwangua kwa kibao. Anayebania udongo hupata tofali lililomeguka pembe. Kwa chuma ni hivyo hivyo, isipokuwa chuma cha moto wa nyuzi 1,200 za Sentigredi hakikwanguliwi. Lazima kitengenezewe njia ya kutokea, na hiyo ni kazi ya anayechora kalibu.

Kalibu ya kufulia ina vipande viwili, cha chini na cha juu, kila kimoja kikiwa kimechongwa nusu ya umbo la zana. Chuma cha moto huwekwa katikati, nyundo ya mashine hushuka, na chuma husambaa. Kikishajaza sehemu pana hutafuta pa kutokea, pale vipande viwili vinapokutana. Hapo huachwa mlango mwembamba, mara nyingi wa milimita 1.5 hadi 3 kwa zana ndogo. Chuma kinachopenya hapo hupoa haraka kwa wembamba wake, kikawa kigumu na kuzuia kilicho nyuma yake. Shinikizo hupanda ndani, na chuma kilichobaki hakina budi kuingia kwenye pembe zenye kina. Kumbe pindo linalolalamikiwa ndilo linaloziba mlango ili shoka lijae.

Nje ya mlango huo huchimbwa mfereji wenye kina zaidi wa kupokea ziada. Ukiwa mdogo hujaa, vipande vya kalibu havifungi sawasawa, na shoka hutoka nene kuliko lilivyochorwa. Fundi akizidi kupiga, kalibu inaweza kupasuka. Mlango nao ukiwa mpana mno chuma hutoroka kabla pembe hazijajaa. Ukiwa mwembamba mno kalibu huchakaa mapema, na kalibu ni ghali kuliko chuma chochote kinachookolewa.

Chukua shoka la kilo 1.5 lililotengewa ziada ya asilimia 20. Kipande cha kuanzia ni kilo 1.8, na mashoka 1,000 huacha kilo 300 za mapindo. Si kidogo. Lakini kilo hizo huuzwa kama chuma chakavu, ilhali shoka lenye pembe tupu huishia kwenye chakavu hichohicho likiwa na kilo zake zote na moto uliolipiwa.

Pa kubana matumizi ni kabla ya kalibu ya mwisho. Kipande kikifuliwa kwanza, kikatandazwa upande wa makali na kuachwa kinene upande wa kisogo, huhitaji ziada ndogo zaidi. Hapo mhunzi wa fuawe na mvukuto ana ujuzi ambao wenye mashine huudharau bila sababu. Vipo viwanda vinavyofua bila pindo kabisa, lakini huko kila kipande hupimwa kwa usahihi mkubwa. Karakana changa isianzie huko.

Mwenye duka la zana anaweza kuona kazi ya kalibu bila kufika kiwandani. Pindo likishakatwa huacha mstari kuzunguka zana. Mstari peke yake si ushahidi, kwani hata zana ya kusubu huwa nao. Aangalie kama nusu mbili zimekutana bila moja kusogea, kama pembe zimejaa, na kama kuna mikunjo mfano wa ufa karibu na tundu la mpini, mahali ambapo shoka huvunjikia mkulima akiwa shambani. Rangi nene huficha yote hayo. Muuzaji wa jumla asiyekubali shoka moja likwanguliwe rangi kabla katoni nzima haijalipiwa, aachiwe katoni yake.