Pain alianza kama sisi

Wandugu,

Tangu miezi kadhaa, mu vikundi vyetu vya WhatsApp kunarudia neno moja: "Hii njia ya bila jeuri imefika mwisho. Tuliandamana, tulikamatwa, tulizika watu. Sasa tuchukue bunduki." Wenye wanaandika vile si watu wabaya. Wamoja wao tulilala nao ku kasho. Njo maana hatutaki kuwajibu kwa matusi. Tunataka kuwajibu kwa hadithi yenye wengi kati yetu tulikomaa nayo: Naruto ya Masashi Kishimoto, na zaidi ile sehemu ya Pain.

Manga ile ilitoka Japani tangu 1999 mpaka 2014, sura 700, vitabu 72. Iko na maadui wengi, lakini tukianza kubishana sisi kwa sisi ni adui gani alituumiza kichwa zaidi, jina lenye linarudia ni Pain. Mwenye kulisoma kwa Kifaransa anaweza kufikiri ni mukate. Ni Kiingereza, maana yake maumivu.

Jina lake la kweli ni Nagato. Alizaliwa mu inchi ndogo ya mvua, katikati ya inchi kubwa: ile ya Moto, ile ya Udongo, ile ya Upepo. Wakubwa wakigombana, vita inakuja kupiganiwa kwao. Wazazi wake waliuawa mu nyumba yao wenyewe. Na nani aliwaua? Basoda wa Konoha, muji wa Naruto, muji wenye tulikuwa tunaupenda tangu kitabu cha kwanza. Mwandishi anatuambia pole pole: hawa wenye mulikuwa munawaita watu wazuri, kuko fasi yenye watu wanawakumbuka kama wauaji. Mutoto wa huku kwetu haitaji kufasiriwa hiyo mara mbili.

Nagato anakutana na yatima wengine wawili, Yahiko na Konan. Jiraiya, mwalimu wa Konoha, anabaki nao karibu miaka tatu na kuwafundisha. Wakikomaa, Yahiko anaanzisha kikundi. Kinaitwa Akatsuki.

Simameni hapa kidogo. Tukisikia Akatsuki tunaona makoti nyeusi yenye mawingu mekundu, tunawaza wauaji. Lakini Akatsuki ya kwanza ilikuwa kikundi cha vijana wenye walichoka na vita. Yahiko alitafuta amani kwa mazungumzo, na watu walianza kumufuata. Hanzo, mukubwa wa inchi ile, akaogopa kiti chake. Danzo, mukubwa mumoja wa Konoha mwenye alikuwa anatafuta cheo, akashirikiana naye. Wakawaita hawa vijana kama vile ni kwa kupatana. Kumbe ni mutego: Konan anashikwa, Nagato anaambiwa achague, amuue Yahiko ao Konan afe. Yahiko mwenyewe anajitupa ku kisu chenye Nagato anashika, anakufa.

Wandugu, kikundi cha raia chenye mukubwa anaita "ku mazungumzo" ili akivunje, hatukijue paka mu manga.

Sasa angalieni Nagato anafanya nini. Anaua Hanzo, anaua jamaa yake na marafiki zake. Kisha anachukua maiti ya Yahiko, anaichoma vyuma vyeusi, anaitembeza. Ule Pain mwenye dunia inaogopa, mwenye anasema na kuamuru, mwenye anainua mikono na Konoha yote inakuwa shimo, ni mwili wa Yahiko! Nagato mwenyewe amejificha mbali, amekonda, amefungwa ku mashini.

Kwetu sisi, njo kitu kikubwa zaidi mu hadithi yote. Yahiko alikufa akitafuta amani bila kumwaga damu. Rafiki yake, mwenye alimupenda kuliko wote, akaufanya mwili wake silaha. Na Yahiko hakuweza kukatala, juu maiti haisemi.

Tusimuonee Pain. Ana neno lake, na ni neno la nguvu. Anasema: nyinyi wa Konoha munaita vita yenu haki, na mimi pia naita yangu haki, kisasi kinazaa kisasi. Dawa yake ni hii: kutengeneza silaha ya kutisha yenye inaweza kumaliza inchi nzima, ili watu waonje maumivu na waogope vita. Anamuuliza Naruto: wewe ungefanya nini? Naruto, kwanza, hana jibu. Tunapenda kwamba Kishimoto hakumupatia jibu la haraka.

Lakini kama maumivu ingefundisha amani, Kivu na Ituri zingekuwa zimefundisha dunia yote. Maumivu peke yake haifundishi kitu. Inachosha watu, na mutu mwenye amechoka anafuata mwenye kupiga kelele zaidi.

Tena kuko kitu kingine chenye wengi hawakumbuke. Siku Pain anavunja Konoha, ni nani wanakufa? Ni watu wa kawaida, na walimu kama Kakashi. Na Danzo, mwenye alipanga kifo cha Yahiko? Danzo alijificha chini ya udongo na watu wake, akangoja. Kisha, Hokage akiwa amelala bila fahamu na muji umekuwa mavumbi, Danzo akapata kile kiti alikuwa anatafuta tangu zamani. Wandugu, some tena: jeuri ya Pain ilimupandisha cheo muuaji wa Yahiko. Mwenye kutuambia bunduki itaadhibu wakubwa, atuonyeshe kwanza wapi wakubwa walikuwa wanalala siku risasi zilianguka mu makartie.

Mwishoni Naruto anaenda peke yake kumuona Nagato. Hamuambie "nimekusamehe". Anatetemeka kwa hasira, anakubali kwamba anatamani kumuua, kisha anakatala kufanya vile. Anamukumbusha kitabu chenye Jiraiya aliandika, chenye wazo lake lilitoka kwa Nagato mwenyewe alipokuwa kijana. Nagato anaguswa, anatoa uzima wake, wenye waliuawa siku ile mu Konoha wanafufuka.

Hapa njo tunaachana na Kishimoto. Kwetu wafu hawafufuke. Ripoti Mapping ya Umoja wa Mataifa, ya 2010, iliandika matukio 617 ya jeuri kati ya 1993 na 2003. Hakuna jutsu itarudisha watu wale. Kwa hiyo mutu asituambie "mufanye kama Naruto, musamehe, mambo iishe". Kukatala kuua si kukatala haki. Kwetu jibu kwa Pain inapashwa kuwa na tribinali, na majina ya wenye kosa yasomwe mbele ya watu.

Tuko na Yahiko wetu. Tarehe 21 Januari 2018, Kinshasa, Thérèse Kapangala, binti mwenye alikuwa anataka kuwa sista, aliuawa kwa risasi siku ya maandamano. Tarehe 25 Februari, mwaka ule ule, ikawa Rossy Mukendi. Walikufa mikono mitupu. Wenzao hawakuchukua silaha, waliendelea kudai uchaguzi. Tarehe 30 Desemba 2018 uchaguzi ulifanyika, Kabila hakuwa mugombea. Na kule Beni, fasi kura iliahirishwa, wakazi walipanga mistari, wakapiga kura yao wenyewe ya mufano, ili inchi ione kwamba wako raia. Haikuleta yote tuliyotaka. Lakini hakuna maiti yenye ilitembezwa.

Kwa hiyo, kwa wale wenzetu wenye wanataka kwenda: hatuna nguvu ya kuwafunga kamba. Tunajua njaa iko, kazi haiko, na hasira ni ya haki. Tunawaomba kitu kimoja tu. Ukienda, enda kwa jina lako mwenyewe. Usibebe picha za wafu wetu ku bunduki yako. Hawakukutuma.

Na wenye wanabaki: mukutano wa siku ya posho uko, saa ile ile. Mulete daftari. Tutaandika majina.