Pedali ya vitesi ikianza kucheza

Katika ukurasa huu tumezoea kuongea mara juu ya ndoa, mara juu ya shamba, mara juu ya watoto wasiotaka masomo. Mwezi huu tuongee juu ya chuma. Najua wamoja watacheka na kusema: Pasta anatafuta nini kule garajini? Lakini hesabu mwenyewe nyumba za waumini ambamo chumvi, sabuni na minerval ya watoto vinatoka juu ya pikipiki. Nyangwe ni mji wa watu wa safari tangu zamani. Livingstone alipofika hapa mwaka 1871 alikuta soko kubwa, watu wakija kwa miguu na kwa mitumbwi. Leo vijana wetu wanapakia mchele na mafuta ya mawese juu ya moto, wanakwenda Kasongo, Kabambare, paka kwenye machimbo ya dhahabu ya Salamabila na Namoya. Moto ndiyo jembe lao. Basi tuangalie jembe.

Nataka kuongea juu ya kitu kimoja tu: pedali ya vitesi, ile ya mguu wa kushoto, ambayo mafundi wengine wanaiita selekteri. Inapoanza kucheza, kila mtu anasema, "Bado inaingiza." Ndiyo, bado inaingiza. Hapo ndipo hatari inapokaa.

Miaka michache iliyopita moto ya parokia yetu ilianza vile. Nilipokanyaga, pedali ilishuka kwanza bure, karibu upana wa kidole, ndipo vitesi ikaingia. Niliona. Nilichukua kipande cha mpira wa baiskeli, nikafunga, nikaendelea kutembelea makanisa kwa muda wa miezi miwili. Usiku mmoja wa mvua walikuja kuniamsha: mama mmoja alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake, na mkunga alisema lazima afike hospitali kule Kasongo. Nilimpa kijana mmoja wa kwaya ufunguo. Tukaomba, wakaondoka. Juu ya ile pedali sikumwambia neno.

Walikuwa watatu juu ya moto: kijana, yule mama katikati, na dada yake nyuma akimshika. Katika kupanda kilima kijana alitaka kurudi vitesi ya kwanza. Pedali ikazunguka bure. Injini ikazimika katika ya tatu, moto ikarudi nyuma ndani ya matope, na wote wakaanguka katika mfereji. Mama yule alizalia njiani, katika nyumba ya bibi mmoja aliyewafungulia mlango usiku. Mtoto ni mzima, leo yuko anakimbia na wenzake. Mama yake alivunjika mkono, na mkono ule mpaka sasa haunyooki vizuri.

Nilipokwenda kuwaona, mume wake hakunitukana. Aliniuliza tu: "Baba Pasta, mulijua?"

Nikajibu ndiyo.

Tangu siku ile nasoma sehemu mbili za Torati kwa macho mengine. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 19 kuna mtu aliyekwenda msituni na mwenzake kukata miti. Chuma cha shoka kikatoka katika mpini na kumwua yule mwenzake. Mtu huyo alipewa mji wa kukimbilia, kwani hakumchukia mwenzake wala hakukusudia. Neno hilo lilinifariji kidogo. Lakini katika Kutoka sura ya 21 kuna habari ya ng'ombe mwenye kupiga watu kwa pembe. Kama ng'ombe hakujulikana kwa tabia hiyo, mwenyewe hana hatia. Kama alijulikana tangu mbele, na mwenyewe alikwisha kuonywa, na hakumfunga, neno linageuka kabisa. Mimi nilikuwa na ng'ombe wa namna hiyo chini ya mguu wangu wa kushoto. Nilimfunga kwa kipande cha mpira.

Sasa turudi kwenye chuma. Pedali hii inashikwa namna gani? Katika injini kunatoka akse, kichuma cha duara chenye meno madogo madogo kuzunguka. Pedali nayo ina tundu lenye meno ndani yake, na tundu lile limepasuliwa upande mmoja. Buloni moja, mara nyingi ya kle 10, inapita pale kwenye mpasuko na kuubana, meno yanashikana na meno. Ni hiyo tu. Buloni ikilegea hata kidogo, kila unapokanyaga meno yanasuguana, na katika udongo wetu mchanga unaingia na kufanya kazi ya tupa. Ukikuta meno ya pedali peke yake ndiyo yamelika, shukuru, kwani pedali inauzwa sokoni na unaibadilisha mwenyewe chini ya mwembe. Lakini ukiendelea kutembea, meno ya akse nayo yanakwisha. Kwa moto nyingi, kutoa akse ni lazima kumwaga mafuta, kufungua kifuniko cha injini upande wa kuume, kuondoa ambreyaje, ndipo uivute. Hapo hesabu jointi, mafuta mapya, fundi, siku za kukaa bila kazi, na piesi yenyewe ambayo labda utaingojea itoke Bukavu. Yote hayo kwa sababu ya buloni moja ambayo bei yake haifiki bei ya chupa ya esansi.

Namna ya kupima. Zima injini, simamisha moto vizuri, inama uangalie kichwa cha akse katikati ya tundu. Tikisa pedali kwa mkono. Kama pedali inatikisika na kichwa cha akse kimetulia, ugonjwa uko kwenye buloni au kwenye meno. Kama vyote viwili vinazunguka pamoja lakini pedali hairudi mahali pake, inalala kama mkono wa mgonjwa, basi ni resori ya ndani, na hiyo si kazi ya kle 10. Usikaze buloni ukitumaini kuponya resori.

Kama ni buloni, usikaze mara moja. Kwanza itoe. Katika moto nyingi buloni inapita katika mfereji mdogo uliochongwa juu ya akse, kwa hiyo pedali haitoki mpaka buloni itoke yote. Vijana wengi hawajui hilo: wanalegeza nusu, pedali inakataa, wanachukua nyundo. Nyundo hapana! Ukipiga pale unasukuma akse ndani ya injini na kuharibu ule mpira unaozuia mafuta, unaoitwa spi. Kesho utaona mafuta yanadondoka upande wa kushoto, useme moto ni mbaya.

Pedali ikishatoka, sugua meno ya pande zote mbili kwa burashi ya meno ya zamani na esansi kidogo, mbali na sigara na jiko. Pitisha ukucha juu ya meno. Ukucha ukishikwa, meno yangali mazuri. Ukiteleza, yamekwisha. Tazama tena ule mpasuko wa pedali: kama midomo yake miwili imekwisha kukutana, hata ukikaza kwa nguvu za Samsoni haibani tena kitu. Hapo msumeno wa chuma unaweza kupanua mpasuko kidogo, pedali ikapata kubana tena kwa muda. Kama ni uzi wa buloni uliokwisha ndani ya pedali, fundi apitishe tundu moja kwa moja, aweke buloni ndefu kidogo yenye ekru nyuma, pamoja na ile rondeli iliyokatwa inayosukuma kama resori. Wengine wanaweka kipande cha bati la kopo kati ya meno. Nimekwisha kufanya hivyo mimi mwenyewe. Kinakufikisha nyumbani, hakikufikishi Kabambare.

Unaporudisha pedali, tafuta jino linaloiweka karibu sawa na mahali pa kuweka mguu. Mtu anayevaa buti za mvua ataipandisha jino moja ili buti lipite chini. Kisha kaza kwa kle fupi na mkono wa kawaida. Usiongeze bomba juu ya kle, buloni hii ni nyembamba na itakatika ndani. Tembea siku moja, ukirudi ukaze tena, kwa maana chuma kikishasafishwa kinakaa upya.

Swali ambalo naulizwa mara nyingi mlangoni mwa kanisa: kwa nini tusisude tu pedali kwenye akse, mambo yaishe? Ni kweli, itashika. Lakini joto la sudire linachoma ule mpira wa spi, na umeme wake unaweza kupita katika injini na kuua vyombo vya umeme vya moto. Tena kwa moto nyingi, kifuniko cha upande wa kushoto hakitoki mpaka pedali itoke kwanza. Siku ile utakapotaka kubadilisha pinyo ya cheni, itakubidi ukate kwa msumeno kile ulichosude, na labda akse pamoja nacho. Kama meno ya akse yamekwisha kabisa na huna pesa za piesi, afadhali moto ilale mpaka uzipate. Najua neno hili ni gumu kwa mwenye watoto. Lakini usipakie mtu.

Pedali inalegea juu ya nini? Injini inatetemeka, hiyo ya kwanza. Ya pili ni sisi wenyewe. Wengi wanapiga vitesi bila kuvuta ambreyaje yote, na kisigino kinashuka kama mchi wa kutwanga. Ile pedali ndefu yenye pande mbili, vidole mbele na kisigino nyuma, inaumizwa zaidi kwa namna hiyo. Tena wakati wa kuvuka Lualaba moto inalazwa ndani ya mtumbwi, pedali inagonga mbao, inapinda, na mtu anaipiga jiwe kuinyoosha ikiwa ingali juu ya akse. Itoe kwanza, ndipo uinyooshe.

Na kuna sababu nyingine ambayo haiko ya chuma. Vijana wengi wanaendesha moto ya mtu mwingine. Jioni mwenye moto anangojea versement yake, na akisikia habari ya buloni anasema, "Lete versement kwanza." Kijana naye anasema moyoni, "Si moto yangu." Basi buloni inakuwa ya nani? Inakuwa ya mama aliyeketi nyuma na mtoto mgongoni. Baba mwenye moto, kijana akikuambia pedali inacheza, jua umekwisha kuonywa mbele ya mashahidi. Nawe kijana, usiseme kwa kunung'unika njiani na wenzako. Mwambie mwenyewe, na kama ana mke, umwambie mama naye akiwepo. Mama hatasahau.

Pedali ikikutokea njiani, usiitupe, na utafute buloni ukirudi hatua kwa hatua. Ukikosa, washushe abiria na mzigo. Kwa pensi yenye kushika vizuri unaweza kuzungusha akse mara moja, kuweka vitesi ya pili, na kurudi polepole ukiwa peke yako. Usibadilishe badilishe, pensi inakula meno. Usiteremke kilima kirefu namna hiyo, sukuma.

Kwa moto ya parokia tulinunua pedali mpya na akse pia, kwa sadaka ambayo ilikusanywa kwa ajili ya bati. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya kanisa kueleza kwa nini. Sasa kle ya 10 imefungwa kwa kamba chini ya kiti. Rangi ya bluu iliyobaki tulipopaka madirisha, nimechora nayo mstari mmoja mwembamba toka kichwa cha buloni mpaka juu ya pedali. Mstari ukiwa umenyooka, buloni haikusogea. Ukikatika, hata kwa upana wa uzi, moto haitoki. Yule kijana wa kwaya ndiye anayeshika ufunguo, na kila Jumatatu asubuhi anainama kuangalia mstari kabla ya kunipa. Juma lililopita alininyima.